Kuku wa Kufungulia Mnada

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa jogoo kabla sijamaliza kusalimia. Nilisema, "Shikamoo, mzee," na Mzee Kibwana, Mnadi Mkuu wa upande wa kuku, akaitikia "Marahaba" huku akinitia mikononi ndege mwekundu aliyekuwa akipiga mabawa kama anataka kuondoka na mimi.

"Mshike miguu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia upitishe kifuani. Umegusa nini?"

"Mfupa, mzee."

"Mfupa uliofunikwa au mkali?"

"Mkali."

"Basi huyo ni kanzu tu, mwenyewe hayumo. Mrudishe kwenye tenga. Umepata kazi."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Nyumbani nilikuwa na shahada ya uchumi niliyoitolea nakala na kuipeleka kila ofisi ya Bagamoyo iliyokuwa na mlango wazi. Niliishi na bibi yangu Mlingotini, na bibi alikuwa amechoka kunisikia nikibishana na redio. Kwetu bibi na mjukuu wa kike huitana wake wenza, basi asubuhi moja akaniambia, "Mke mwenzangu, mnadani wanatafuta mtu wa kusema. Wewe husemi, unabisha, lakini watakuzoea." Nikapanda bodaboda.

Ninawaandikia nyinyi mnaoanza sasa, kwa sababu kazi hii haifundishwi popote na waliokuwa wakiijua hawaandiki. Mkikuta mahali nimeuliza swali badala ya kujibu, msishangae. Ndivyo nilivyofanya kazi yote.

Mnada wetu uko bara kidogo, upande wa Fukayosi, na hukusanyika kila Jumamosi. Ng'ombe na mbuzi wana mazizi ya mbao na mizani. Kuku tuko nyuma, kwenye vibanda vya makuti, na hatuna mizani. Kuku wa kienyeji haendi kwa kilo. Anakwenda kwa mkono wa anayempapasa, macho ya anayemtazama na mdomo wa anayemnadi. Niliuliza kwa nini hatuna mizani. Mzee Kibwana akasema, "Kwa sababu kuku hatulii." Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jibu hilo nikitafuta kosa lake. Sikulipata.

Nilianzia kwenye matenga. Tenga ni kapu kubwa la fito ambalo kuku husafiria, na kazi yangu ilikuwa kuyapanga: matetea mahali pao, majogoo kila mmoja peke yake wasipigane, na mapora, yaani majogoo vijana ambao hawajajua kuwika vizuri, upande wa jua. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa Mifugo, mtu mpole sana mpaka aone kuku aliyepinda shingo. Hapo hugeuka askari. Shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani ni dalili za mdondo, na mdondo ukiingia kwenye tenga moja leo, wiki ijayo kijiji kizima kinafukia kuku. "Binti," aliniambia, "kuku mgonjwa hanadiwi hata mwenye naye akiwa mkweo." Baadaye aliwahi kumrudisha mama mkwe wake mwenyewe, na matenga yake yote, mbele ya watu. Nilimheshimu kuanzia siku ile.

Kutoka kwenye matenga nikapandishwa kuwa mshika kuku. Mshika kuku humwinua ndege mbele ya wanunuzi, humgeuza, hupuliza manyoya ya tumbo ili ngozi ionekane, hufungua bawa kama anayefungua feni. Usimwinue kichwa chini. Anachoka, anaonekana mgonjwa, na bei inashuka. Mweke kifuani pako kama mtoto aliyeshiba. Nilijifunza kumtambua kuchi, kuku mrefu mwenye shingo ya kiburi ambaye wanaume hupandisha bei yake kwa wivu tu. Na kishingo, asiye na manyoya shingoni, ambaye wanamcheka lakini supu yake hawaichezei. Kisha nikawa mnadi msaidizi, nikisimama nyuma ya Mzee Kibwana na kurudia bei kwa sauti ili walioko mbali wasikie. Hapo ndipo nilipokutana uso kwa uso na desturi ambayo ilinikosesha raha.

Desturi yenyewe ni hii. Kuku wa kwanza wa siku huitwa kuku wa kufungulia. Hao wengine wote hunadiwa kama kawaida: mmoja anasema bei, mwingine anaongeza, mnadi anaita mara tatu, gongo, yaani rungu la mnadi, linagonga debe, amekwenda. Kuku wa kufungulia hanadiwi hivyo. Bei ya kwanza itakayotajwa na mnunuzi yeyote ndiyo bei. Gongo linagonga mara moja, basi. Hakuna kuongeza, hakuna kubisha. Ndiyo bahati ya mnada, na bila ya hiyo hakuna mnunuzi atakayefungua mfuko.

Mnaona tatizo? Mimi niliona mara moja. Kama bei ya kwanza ndiyo bei, nani atatoa kuku wake awe wa kwanza? Hakuna. Kila Jumamosi watu walifika alfajiri, wakapanga matenga yao, kisha wakakaa juu yake.

"Bi Mkubwa, leta basi wako tufungue."

"Wangu bado hajanywa maji."

"Na wewe?"

"Wangu ana haya, hawezi kutangulia."

"Wewe hapo mwenye pora?"

"Huyu? Huyu nimekuja naye kutembea tu."

Tulicheka, jua likapanda. Wanunuzi nao walikaa kimya wakingoja, hasa Shomari. Shomari alikuwa mchuuzi wa kuku kutoka Bagamoyo mjini, mtu wa maneno mengi na kofia iliyokaa upande, na kazi aliyojipa ilikuwa kutaja bei ya kwanza. Mtu akichoka kungoja akatoa kuku, Shomari hurukia: "Mia tano!" Debe likalia, watu wakaanguka kwa kicheko, na tetea mnene akaondoka kwa bei ya maandazi. Niliwahi kumwona mama mjane kutoka Kiwangwa akicheka pamoja na wengine, kisha akageuka kujifuta macho kwa pembe ya kanga. Shomari hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea mama yule sukari wiki iliyofuata. Lakini Jumamosi ya pili yake alitaja mia tano tena.

Nilianza kuuliza desturi hii ilitoka wapi. Mmoja akaniambia ilikuwa sadaka. Mwingine akasema ni mkataba na majini ya kisima kilichokuwa hapo zamani. Wa tatu alisema ni ujanja wa Wahindi wa dukani, na wa nne akasema Wahindi wenyewe waliikuta. Nikamwendea Mzee Kibwana.

"Mzee, desturi hii aliianzisha nani?"

"Nilikuta."

"Na aliyekuachia gongo?"

"Naye alikuta."

"Sasa kama hakuna anayejua, kwa nini tusiifute?"

Alikuwa akifunga kamba ya tenga, hakuinua kichwa. "Ifute siku ukishika gongo."

Nilipendekeza njia nyingine: mnadi mwenyewe alete kuku wake awe wa kufungulia. Wote walishtuka kama nimetukana. Mnadi akileta mwenyewe, walisema, ni kama mtu anayejiposea. Lazima kuku atoke kwenye nyumba ya mtu aliyekuja kuuza.

Hayo yangebaki kuwa ubishi wangu wa wiki kwa wiki kama si Mama Lori. Alikuwa mnunuzi wetu mkubwa, mwanamke mnene mchangamfu wa Dar es Salaam aliyekuja na kenta, lori dogo, kuchukua kuku wa mahoteli. Akiondoka, nusu ya matenga yaliondoka naye. Bila yeye tungebaki tukiuziana wenyewe kwa wenyewe. Jumamosi moja, tulipofungua mnada jua likiwa utosini, alishuka kwenye kenta akasimama mbele ya Mzee Kibwana.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini kuku wangu wanafia njiani kwa joto kwa sababu nyinyi mnaoneana haya hapa. Jumamosi ijayo nikikuta saa mbili hamjaanza, nageuza gari. Na sirudi."

Mzee Kibwana akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akaninyooshea gongo. "Magoti yangu yamechoka kusimama," alisema. "Jumamosi ijayo Mnadi ni wewe. Si ulitaka kufuta?"

Wiki ile sikulala vizuri. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika gongo la kuku katika mnada wetu, na nilikuwa na nafasi moja tu. Nikishindwa, Mama Lori anaondoka, na wanawake wale waliokuwa wakisomesha watoto kwa matetea hawatanikumbuka kwa lolote jingine. Nilitunga hotuba. Ilikuwa na sababu nzuri, moja baada ya nyingine, na kila sababu ilikuwa kweli.

Ijumaa jioni nikamkuta bibi akimwogesha kuchi wake miguu kwa maji ya vuguvugu. Jogoo yule alikuwa mweusi mwenye shingo ya dhahabu, amelelewa jikoni kama mgeni. Jiko la bibi lilikuwa la makuti yaliyooza, mvua ikinyesha inapikwa pamoja na wali, na kwa muda mrefu jogoo huyo ndiye aliyekuwa tumaini la kupata mabati.

"Kesho nakwenda naye," bibi alisema.

"Kesho bibi kuna vurugu. Ngoja wiki ijayo."

"Wiki ijayo Mama Lori atakuwepo?"

Nikachukua kitambaa, nikamfuta jogoo miguu.

Asubuhi nilisimama kwenye kigoda cha mnadi, debe miguuni pangu, kenta la Mama Lori likiwa limewashwa na mlango wazi. Mzee Kibwana alikaa pembeni kwenye mkeka, mikono magotini, kama mtu aliyekuja harusini. Nikatoa hotuba yangu. Nilisema desturi haina anayeijua asili yake, inachelewesha, inaonea, na kuanzia leo kuku wote ni sawa. Nikamaliza. Kuku mmoja akakohoa.

"Dada Mnadi," mnunuzi mmoja akasema kwa adabu, "maneno yako ni mazuri. Lakini mimi mnada usiofunguliwa sinunui. Nitapata hasara mpaka mwezi wa Ramadhani."

"Hata mie," akasema mwingine.

"Hata siye wauzaji," wakasema wanawake. "Usitufungie riziki."

Wale wale waliokuwa wakiliwa kuku wao! Nikatazama upande wa kenta. Mama Lori alikuwa akitazama saa ya simu yake. Nikasema, "Haya. Nani anafungua?"

Wakaangalia chini, wakakaa vizuri juu ya matenga. Kisha bibi yangu akasimama, jogoo kifuani.

"Bibi, hapana," nilisema. Nilisahau kama niko kwenye kigoda.

"Wewe ni Mnadi, mimi ni muuzaji. Tusijuane hapa." Akapita katikati ya watu taratibu, akitembea kama anayepeleka mahari, na badala ya kuja kwangu akaenda kusimama mbele ya Shomari. Akamfungua jogoo bawa moja. Manyoya yaling'aa mpaka wanaume wakanong'ona.

"Umemwona, Shomari?"

"Nimemwona, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mtazame vizuri, maana kutazama ndiko utakakoishia. Huyu si wa kwako. Wewe mfuko wako umezoea mapora."

Watu wakaanza kucheka. Shomari akaisogeza kofia yake.

"Bibi, usinidharau mbele za watu."

"Nikudharau kwa lipi, mjukuu wangu? Nasema ninachokijua. Mia tano ndiyo hesabu uliyofundishwa. Kuchi kama huyu wananunua wanaume waliooa."

Kicheko kikapanda. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Shomari, ambaye siku zote ndiye aliyechekesha, hakuwa amezoea kuwa upande ule mwingine. Damu ikampanda usoni. Akapiga kifua.

"Mie? Jogoo kama huyu mie hata laki natoa!"

Sikufikiri. Nasema kweli, mimi ambaye hufikiri mpaka chakula kikapoa, mara ile sikufikiri. Gongo lilishuka lenyewe. Debe likalia.

"Laki moja! Amekwenda kwa Shomari!"

Watu walitazamana, kuhakikisha walichosikia. Kisha mnada ukalipuka. Wanawake walisimama juu ya matenga wakipiga vigelegele. Mtu akarusha kofia. Hata watu wa ng'ombe waliacha mizani yao wakaja mbio kuuliza nani kafa.

"Nilikuwa natania!" Shomari alipiga kelele. "Jamani, ule ulikuwa mzaha! Mzee Kibwana, sema!"

Mzee Kibwana akanyanyuka pole pole kutoka mkekani.

"Shomari mwanangu. Mia tano ya yule mama wa Kiwangwa haikuwa mzaha?"

"Ile... ile ilikuwa mzaha kidogo."

"Na kuku ulimchukua?"

Shomari akamtazama jogoo kifuani mwa bibi. Kisha, na hapa ndipo nilipoanza kumpenda mtu yule, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akachutama. Akatoa fedha kwenye pochi ya kiunoni, akampa bibi kwa mikono miwili, akapokea jogoo.

"Bibi, umenivua nguo."

"Vaa kuku," bibi akamjibu, akarudi kukaa.

Mlango wa kenta ukafungwa kwa kishindo. Nikajua anageuza gari, lakini injini ilizimwa. Mama Lori alikuwa anakuja kwetu, anajifuta machozi ya kicheko kwa mtandio, na saa mbili ilikuwa haijafika. "Hebu nadi, binti," alisema. "Nadi kabla sijaishiwa nguvu."

Nilinadi siku ile mpaka sauti ikakatika. Na Jumamosi iliyofuata, nilipouliza nani anafungua, hakuna aliyekaa juu ya tenga. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari. Kila mmoja alikuwa amefanya mazoezi ya maneno ya kumchokoza mnunuzi, na wanunuzi nao walikuja wamejiandaa, midomo imefungwa, wanaogopa hata kupiga chafya. Ilikuwa raha kutazama. Mara nyingine bei ilikuwa kubwa, mara nyingine ndogo, lakini hatukuwahi tena kuanza tumechelewa.

Nimelifikiria jambo hili sana. Desturi niliyotaka kuifuta haikubadilika hata neno. Sheria ilikuwa haijawahi kusema bei ya kwanza lazima iwe ndogo; tulidhani hivyo kwa sababu wanunuzi walikuwa wepesi kusema na wauzaji waliona haya. Je, ni desturi ya haki? Bado nasema hapana. Inategemea mno ulimi wa mtu, na wapo watu wazuri ambao hawana ulimi. Nikibishana na Mzee Kibwana juu ya hilo, hunikubalia, kisha huniuliza kama nimekula.

Nilishika gongo kwa miaka kadhaa. Jogoo wa laki hakuchinjwa. Shomari alimfuga, akauza vifaranga wake kwa bei ya juu kwa jina la baba yao, na leo atakuapia kwamba alipanga hivyo tangu mwanzo. Jiko la bibi linang'aa kwa mabati, na mvua ikinyesha hatusikilizani. Mimi nimestaafu katika umri ambao wenzangu wengine ndio wanatafuta kazi ya kwanza. Si magoti. Ni koo. Daktari aliniambia niache kupiga kelele la sivyo nitabaki kunong'ona maisha yangu yote. Bibi alisema daktari yule ametumwa na majirani. Gongo nimemkabidhi Mwajabu, aliyekuwa mshika kuku wangu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Sasa nafuga matetea Mlingotini. Kama mnataka ushauri wa mstaafu, ni huu: papaseni kifua kabla ya kutazama manyoya, msiwafunge kuku miguu kwa waya, na ulizeni maswali yenu mapema, kabla jua halijapanda.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mnadani kama muuzaji kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na tetea wangu bora, na nilifika mapema ili nitangulie kwenye mstari. Naam, mimi. Nilikuwa nimetunga maneno makali ya kumchokoza Shomari, usiku kucha nimeyapanga. Nikasimama mbele yake, nikafungua bawa la tetea, nikavuta pumzi. Koo likagoma. Kilitoka kijisauti cha kifaranga.

Shomari akaweka kofia yake sawa. "Mia tano," alisema taratibu, akitabasamu.

Gongo la Mwajabu likashuka bila huruma. Nilicheka mpaka wakaniletea maji. Dereva mpya wa Mama Lori, kijana wa Dar aliyekuwa haelewi kinachoendelea, akanisogelea.

"Dada, kuku mzuri vile kwa mia tano? Kwa nini umekubali? Hii sheria kaiweka nani?"

Nilifungua mdomo nimpe sababu, na nilikuwa nazo nyingi. Kwa mbali nilimwona Mzee Kibwana kwenye mkeka wake, ametega sikio.

"Nilikuta," nikanong'ona.